Masomo ya Saa Kumi na Mbili na Nusu

Wakati wa vita, mama yangu alikuwa akianika mawe ya redio, yaani betri, juu ya bati la jiko. Aliyapanga asubuhi, jua likishapanda juu ya miti ya ng'ambo ya mto, na kila baada ya muda mmoja wetu alipanda juu ya kinu kilichopinduliwa ayageuze, kama mtu anavyogeuza samaki motoni. Mawe yenyewe yalikuwa yamekwisha kabisa. Dukani hayakuwemo mengine, kwa sababu treni ilikuwa haiji tena na njia zote za kutoka Kindu, mji wetu, zilikuwa mikononi mwa watu wenye bunduki. Lakini jiwe lililokufa, ukilipa joto la mchana kutwa, hukubali kuamka kidogo. Mama alilijua hilo, na kina mama wote wa mtaa wetu wa karibu na reli walilijua. Saa kumi na moja jioni ilipokaribia, aliyashusha, akayabana makwapani yasipoe, mawili huku na mawili huku, akaketi vile bila kuinua mikono mpaka saa ya masomo. Ukimsemesha wakati ule alikujibu kwa kidevu tu.

Shule zilikuwa zimefungwa. Katika ile ya kwetu walilala askari, na madawati yake yalikuwa kuni. Ndipo redio ndogo ya mjini ikaanza kutoa masomo ya watoto kila jioni. Ilikuwa sauti ya mwalimu mmoja mwenye kikohozi. Alitamka herufi, akanyamaza ili tuirudie, kisha akasema, "Vema," kana kwamba alikuwa ametusikia. Tulikaa mkekani, watoto wa nyua kadhaa, magoti yetu yakigusana, tukimpigia kelele mtu asiyetuona. Hatukujua kwamba saa ile ilikuwa imechaguliwa. Nimekuja kuelewa nikiwa mtu mzima. Kabla ya saa kumi na moja mama zetu walikuwa bado porini wakitafuta majani ya mihogo. Baada ya saa kumi na mbili giza liliingia na risasi zilianza. Katikati palikuwa na ufa mwembamba wa amani, na mtu fulani, aliyetufahamu, aliingiza masomo yetu ndani ya ufa huo.

Mawe ya mama hayakuwa na nguvu za kufika mwisho. Katikati ya neno sauti ya mwalimu ilinyong'onyea, ikawa ya mlevi, ikawa ya nzi, ikakata. Hapo ndipo alipoinuka Yaya, jina ambalo kwetu humwita dada mkubwa.

Hakuwa dada yangu wa tumbo moja. Nyumba yao ilikuwa imeungua, mama yake alikuwa ameuawa njiani akitoka shambani, na mama yangu alimchukua akamlaza kitandani kwetu, katikati, kwa kuwa alikuwa akitetemeka usiku. Alikuwa mkubwa kwangu kwa miaka michache, na alikuwa ameshajua kusoma. Redio ilipokata, alisimama mahali ilipokuwa, akakohoa kile kikohozi cha mwalimu, akaendelea na somo kutoka kichwani mwake. Tulicheka mpaka tukajisahau. Alitugeuzia mgongo makusudi.

"Redio haina macho," alituambia. "Mukikosea, mukosee kwa nguvu. Hapana mutu anawaona."

Hivyo ndivyo nilivyojifunza kusoma: kwa joto la makwapa ya mama yangu na mgongo wa Yaya.

Jioni moja mawe yalikufa kabla hata mwalimu hajamaliza kutusalimu. Watoto wakaanza kulia, si kwa njaa, kwa herufi. Yaya alilishika lile sanduku la redio lililopoa, akalitazama kwa hasira ya mtu mzima.

"Siku moja nitakuwa na redio yangu," akasema. "Na saa ya watoto haitakufa. Naapa kwa mama yangu mwenye alikufa."

Mama, aliyekuwa akipeta mchele, aliinua uso. Tangu siku ile, ukoko wa chungu ulikuwa wa Yaya.

*

Vita viliisha jinsi vinavyoisha kwetu, bila mtu kutangaza. Treni ikarudi, ikawa inakuja inapotaka. Yaya akaenda Kisangani kusoma, kisha Kinshasa. Mimi nilibaki, nikaanza kuandika hadithi, nikazisoma mbele ya watu katika vyumba vyenye viti vya plastiki, nikaambiwa nina kipaji. Kila nilipoulizwa nani alinifundisha, nilimtaja yeye.

Kwa hiyo unaweza kuwaza furaha yetu iliposikika kwamba kituo cha televisheni cha watoto kinafunguliwa hapa Kindu, na kwamba anayekuja kupanga vipindi vyake ni Yaya. Mama alikwenda kwenye ufunguzi akiwa amevaa kitenge alichokiweka kwa ajili ya mazishi yake mwenyewe. Yaya alisimama mbele ya kina mama waliojaa ukumbini, amependeza, nywele fupi, na akasema kwa sauti ile ile ya mkekani, na kwa "njo" yetu iliyo "ndiyo" ya wengine:

"Hii televizyon njo ya kwenu. Mulitupatia masomo mukiwa hamuna kitu. Sasa njo zamu yetu."

Wanawake walipiga vigelegele. Mama yangu alilia waziwazi, akawaambia waliokaa karibu naye, "Yule, nilimulaza katikati."

Na mwanzoni ilikuwa kweli. Masomo yalitoka saa kumi na mbili na nusu, jioni. Kwa mtu wa mbali hiyo ni saa tu. Kwetu ni saa yenyewe. Umeme wa mtaani ni wa kinyozi mmoja mwenye jenereta, ambayo sisi tunaiita grupu; huiwasha jua likizama, akanyoa, akachaji simu za watu, na kutoka kwake nyaya hutambaa juu ya mabati mpaka kwenye nyumba zetu, kisha huizima watu wanapokwenda kulala. Mchana nyaya hizo ni za ndege kutulia. Tena saa kumi na mbili na nusu watoto wamesharudi shambani na sokoni, walio Waislamu wameshaswali magharibi, chakula kiko motoni, na mama yuko karibu. Nilipoona saa ile kwenye ratiba nilisema moyoni: ameukumbuka ule ufa.

Nyumbani kwa mama kulikuwa na mtoto aliyeihitaji saa ile kuliko wote. Ni binti wa dada yangu mkubwa. Alikuwa amekulia mji wa Kama, kwenye machimbo, dada yangu akiwauzia wachimbaji wali na maharagwe, na mtoto akiosha mchanga wa dhahabu tangu mikono yake ilipoweza kushika beseni. Aliporudishwa kwa bibi yake alikuwa mrefu, mwenye kucheka, mjuzi wa matusi ya makabila yote ya machimboni, na hakujua hata herufi moja. Mkurugenzi wa shule ya msingi iliyo jirani, mtu mwema, alimtazama kimo chake akakuna kichwa.

"Nikimuweka darasa ya kwanza, magoti itafika kwa masikio," alisema. "Sikiliza. Akiweza kusoma mbele ya shule kufunguka, hata polepole, nitamuweka ya tatu. Asipoweza, njo atakaa na watoto wadogo."

"Sitakaa na watoto wa kukojoa," mtoto alijibu hapo hapo. "Nitarudia Kama."

Na tulijua kwamba hasemi mchezo. Malori ya Kama yanajulikana yanapopakia.

Nilijaribu kumfundisha mwenyewe. Mimi, niliyekuwa nasifiwa kwa maneno! Alikaa mbele yangu dakika chache, akakosea, akaniangalia usoni, akasimama, akaenda zake.

"Kwa nini unakimbia?" nilimuuliza.

"Mama mudogo, weye unanikaripia na macho."

Lakini mbele ya televisheni alikaa. Mwalimu wa kipindi alikuwa msichana mwenye mdoli wa kitambaa, mwenye subira, na mtoto wetu alimjibu kwa sauti ya kuamsha kuku. Nilimuuliza kwa nini kwa yule anakubali.

"Ule hanionake," alisema; yaani hamwoni.

Niligeuka nikaingia ndani, asione uso wangu.

Katika majuma yale alijifunza irabu zote, kisha m, kisha b, k, l. Aliokota mkaa jikoni akaandika ukutani *mama*, akaandika *baba*, akaandika *kuku* na kumwonyesha kuku mwenyewe. Bibi yake aliacha ukuta hivyo hivyo, wala hakuupaka chokaa sikukuu ilipofika. Jioni moja mwalimu wa mdoli akaaga akisema, "Kesho tutakutana na herufi ya t." Mtoto alilala akiwaza itakuwa na sura gani.

Kesho yake, saa kumi na mbili na nusu, ikatoka tamthilia ya kigeni iliyotiwa sauti. Mwanamke mwenye mkufu alikuwa akimlilia mwanamume kwenye ngazi za nyumba kubwa.

"Watakuwa wamekosea kanda," mama alisema.

Hawakuwa wamekosea. Siku zilizofuata tuliona maandishi yakipita chini ya kioo: masomo ya watoto sasa ni saa nne asubuhi.

*

Saa nne asubuhi! Nilitaka kujua ni mtoto gani wa Kindu aliyekuwa kichwani mwa mtu aliyeandika vile. Saa nne aendaye shule yuko shule. Saa nne wakati wa likizo mtoto yuko shambani na mama yake, au amebeba beseni la ndizi sokoni, au anapakia matofali mtoni. Hata angekuwa amekaa nyumbani na mikono yake mitupu, grupu ya kinyozi imelala. Walikuwa wamechukua masomo wakayaweka mahali ambapo hakuna mtu wala umeme, kisha wakaendelea kuyatangaza kana kwamba yapo.

Kina mama wa mtaa walikaa uani kwetu wakasema twende kituoni. Mama alinituma mimi pamoja na mama mmoja jirani, muuza mafuta ya mawese, mwenye watoto wengi na ulimi usioogopa mtu. Na alinipa sufuria ya sombe, mboga ya majani ya mihogo aliyoipika kwa mawese mapya, ameifunga kwa kitambaa.

"Umupatie mutoto wangu kwanza," aliniambia. "Atakula, kisha mutaongea."

Yaya alitupokea vizuri mno. Aliinuka, akatukumbatia, akaagiza soda, akafunua sufuria akavuta harufu macho yamefumba.

"Mama bado anatia pilipili nzima?"

"Bado," nikamjibu.

"Mungu wangu. Kinshasa hawajui."

Muuza mawese hakuwa amekuja kwa ajili ya pilipili. "Dada," alisema, "watoto wetu walikuwa wanasoma. Sasa wanatuuliza ule bwana wa televizyon ataoa nani. Mutoto wangu wa miaka sita ananiambia mume wangu ni musaliti! Sasa mimi nimujibu nini?"

Yaya alicheka, nasi tukacheka. Kisha nikamweleza yote taratibu: grupu, shamba, soko, magharibi, mtoto wa dada yangu anayesubiri herufi ya t na shule inayokaribia kufunguliwa. Alisikiliza kwa kichwa kilichoinama. Nilipomaliza akashika mkono wangu.

"Unafikiri mimi nimesahau?" aliuliza. "Si mimi nilipanga. Wakubwa wanasema jioni watoto hawatazami masomo. Wanasema njo saa ya matangazo. Munisaidie kitu kimoja. Tuwapige picha watoto, pale kwa Mama, jioni, waonekane wanasoma mbele ya televizyon. Nitawatumia wakubwa. Wakiona kwa macho yao, watarudisha."

"Kweli?" aliuliza muuza mawese.

"Kwa mama yangu mwenye alikufa."

Ningemkatalia nini mtu aliyeapa vile? Nilirudi nyumbani nikitembea kama mwenye kubeba maji asitake yamwagike.

Yaya na wapiga picha wake walikuja jua likielekea kuzama, na kamera na taa. Uani kwetu palijaa. Watoto walikuwa wamepakwa mafuta mpaka wanang'aa, mama amefagia hata nyuma ya choo. Walitia kanda ya somo la zamani kwenye televisheni yetu, watoto wakaitikia kwa nguvu, na Yaya akapita katikati yao akiwagusa vichwani. Kisha akasema wakubwa wangependa kumwona mtoto mmoja akisema kitu kifupi. Akamchagua wa kwetu, kwa macho yake na kwa kimo chake.

"Weye ni mwandishi," Yaya aliniambia. "Mupatie maneno mazuri."

Niliandika papo hapo, nimesimama, na nitasema kweli kwamba niliyapenda: *Mimi ni mtoto wa Kindu. Jana herufi zilinikimbia. Leo zinakuja nikiziita.*

Mtoto alivishwa sare ya kuazima, akapewa kitabu kipya. Akakigeuza huku na huku.

"Nisome wapi?"

"Popote," alisema mpiga picha. "Angalia mu kitabu, usukume kidole, useme maneno ya mama mudogo."

Akasema. Mara ya kwanza haraka, mara ya pili akicheka, kisha akasema vile alivyotakiwa, polepole, kidole kikitembea juu ya karatasi, macho yakifuata kidole, uso umetulia kama uso wa mtu anayesoma kweli. Watu wazima wote walipiga makofi. Mama alifuta macho. Mpiga picha akamwambia, "Umesoma muzuri sana."

Maneno hayo ya mpiga picha niliyasikia, sikuyapima.

*

Tulikaa jioni nyingi tukiingoja saa yetu irudi. Badala yake, jioni moja, kabla tu ya tamthilia, tukaona uani kwetu kwenye kioo.

Kwanza ilionekana mikono ya mwanamke mzee ikipanga mawe ya redio juu ya bati. Haikuwa mikono ya mama. Ilikuwa ya mtu aliyekodiwa, yenye pete. Sauti ya Yaya, laini, ikasimulia jinsi wakati wa vita mama mmoja alivyoanika mawe ili watoto wasikose somo, na kwamba kituo chake kimezaliwa kwenye joto lile. Kisha watoto wetu, wakipiga kelele za herufi. Kisha binti wa dada yangu, amejaa kioo kizima, kidole kikitembea: *Jana herufi zilinikimbia. Leo zinakuja nikiziita.* Na mwisho, sauti nene ya mwanamume: masomo ya watoto wenu, kila siku, saa nne asubuhi.

Halafu yule mwanamke wa mkufu akaanza kulia kwenye ngazi.

Uani watoto waliruka na kushangilia, wamejiona. Mama hakuruka. Alikuwa ameketi, mikono ameibana mbavuni, vile vile kama zamani. Akasema:

"Yale mawe yalikuwa ya kwangu."

Basi. Tangu siku ile hakumtaja tena kama mtoto wake. Akimzungumzia, husema "ule wa kituo."

Nilimpigia Yaya simu, akasema ana mkutano. Nilipiga tena, akaniandikia kwamba tangazo limependwa sana, na akatia alama ya moyo. Tangazo lilitoka kila jioni, mara kwa mara, na mtoto wetu akawa mtu mkubwa. Mama wa sokoni walimpa ndizi bure. Waendesha pikipiki walimwita "mwalimu." Nami niliona kitu fulani kikibadilika kwake: aliacha kugusa mkaa. Nikimwuliza kama anataka tuendelee na herufi, alinishangaa.

"Mama mudogo, mimi nimeisha kujua kusoma. Haunionake mu televizyon?"

Nilidhani ni maringo. Nilicheka.

Shule ilipofunguliwa tulimpeleka. Nilikuwa na wasiwasi kwa sababu ya lile sharti la kusoma mbele ya mkurugenzi, lakini mkurugenzi alitoka ofisini amefungua mikono yote miwili.

"Huyu? Huyu nimusikilize nini tena? Kila siku namusikia na muke wangu tukikula!" Akamshika bega. "Mwaka wa tatu, mama. Twende."

Nilifungua mdomo. Mtoto alikuwa ananitazama, uso wake ukiwaka. Nikaufunga.

Haikupita muda. Mwalimu wa darasa la tatu alimwinua asome ukurasa wenye picha ya bata. Niliyajua yaliyofuata kwa mwalimu mwenyewe, aliyekuja kwa mama jioni ile akiwa bado hajaelewa. Mtoto alisimama bila woga. Alifungua kitabu, akaweka kidole juu ya karatasi, akakisukuma polepole, na kwa sauti nzuri iliyotulia akasoma: "Mimi ni mtoto wa Kindu. Jana herufi zilinikimbia. Leo zinakuja nikiziita."

Mwalimu alidhani anamfanyia mzaha. Akamwambia rudia. Akarudia, neno kwa neno, kidole kikipita juu ya bata. Darasa likapasuka.

"Televizyon!" mmoja alipiga kelele. "Ongeza sauti!"

"Badilisha chaneli!" mwingine akasema.

"Hakuwa anacheza," mwalimu alituambia, akizungusha kofia yake mikononi. "Niliangalia macho yake. Alikuwa anafikiri njo kusoma."

Ndivyo alivyoambiwa, mbele ya watu wazima wote aliowaamini. Angalia mu kitabu, sukuma kidole, sema maneno. Umesoma vizuri sana. Televisheni, kitu pekee ambacho hakikuwa kikimwona alipokosea, ilikuwa imemwona mara moja tu, na siku hiyo ikamdanganya.

Walimrudisha darasa la kwanza. Siku iliyofuata tulimkuta kwenye kituo cha malori ya Kama, amekaa juu ya gunia la mchele, na bibi yake akamshusha kwa mkono.

*

Nilikwenda kwa Yaya mara ya mwisho. Safari hii sikubeba sufuria. Alilitambua hilo kabla hata sijakaa. Macho yake yalikwenda mikononi mwangu kwanza.

Nilimweleza kisa cha bata. Aliweka mkono mdomoni, na nadhani aliumia kweli.

"Sikujua," alisema. "Masikini. Tutamutumia kitu. Kartable ya kubebea vitabu, viatu."

"Hatutaki viatu. Rudisha saa."

"Saa ile wameisha kuichukua wenye matangazo. Weye ni mwandishi, hauwezi kuelewa namna mambo hii inatembea."

"Uliapa mara mbili, Yaya. Kwa mutu mumoja."

Alitazama dirishani, upande wa reli. Nilimngoja akohoe, nasema kweli. Nilimngoja yule msichana asimame mahali pa redio iliyokufa akohoe kile kikohozi, aendelee na somo. Alichukua simu yake iliyokuwa ikitetemeka mezani, akasema, "Samahani, hii lazima nijibu."

Niliporudi, mtoto alikuwa ameketi kizingitini na sare yake ya darasa la kwanza. Aliniuliza bila kuinua kichwa:

"Nani njo alinidanganya? Ule, ao weye na maneno yako?"

"Yeye alichukua maneno yangu," nilisema. "Na uso wako. Na mawe ya bibi."

"Sasa t iko namna gani?"

Nilitaka kuinama nimchoree. Nikakumbuka. Nikageuka, nikakaa chini nimempa mgongo, nikitazama reli.

"Mimi redio," nikamwambia. "Sina macho. Piga mustari mumoja wa kusimama. Kisha umupatie kofia ndogo."

Tunafanya hivyo kila jioni sasa. Nimempa mgongo, naye anaandika ukutani nyuma yangu, anakosea kwa nguvu, anafuta kwa kiganja. Lakini mimi ni redio ya mtoto mmoja. Katika nyua nyingine za mji huu wamo watoto waliosimama pale pale walipoachwa, wakingoja herufi ya t, na mgongo wangu hauwatoshi. Ninayoyataka kutoka kwa wenye kituo hayana ufundi wowote: rudisheni masomo saa kumi na mbili na nusu, wakati umeme upo na watoto wapo. Mwanamke wa mkufu anaweza kulia baadaye.

Jana kinyozi aliwasha grupu kama kawaida. Televisheni ya mama ilikuwa imegeuzwa uso ukutani, lakini za majirani zilikuwa wazi, na kutoka nyumba hii na ile, ikipishana kidogo, ilisikika sauti ya mtoto wetu ikisoma vizuri, bila kukwama, kwamba herufi zinakuja akiziita. Nyuma yangu mkaa ulisimama. Nilingoja. Sikugeuka. Kisha nikausikia ukikwaruza ukuta, polepole, ukipanda mstari mmoja.